Kuitika Si Kujibu

Mwanangu Zuhura,

Nimefundisha watoto wa shule ya msingi kuandika barua mpaka nikastaafu. Kwanza anwani, kisha tarehe, kisha mimi sijambo, hofu na mashaka ni juu yako. Leo nayaruka yote hayo. Salamu tulipeana asubuhi ulipokuwa unahangaika na zipu ya begi, na hali yangu ni kwamba nina hasira. Sikuandikii nikilia, kwa hiyo na wewe usije ukalia ndani ya basi watu wakadhani unapelekwa kuozwa kwa nguvu.

Sasa hivi uko kwa jirani yetu Mama Neema anakukata nywele, maana huko chuo cha polisi Moshi hawataki misuko. Nimeshindwa kukaa kutazama. Nimebaki hapa uani na karatasi mapajani, alasiri imeshaingia, kuku wa watu wanachakura kwenye maua yangu na leo nimewaacha. Habari za sweta, za blanketi zito na za kutonunua mayai ya kuchemsha pale Segera basi litakaposimama, Mama Neema atakuhubiria vya kutosha. Yeye ni mtu wa Lushoto, baridi anaijua. Mimi nina mengine, na moja nimekuficha tangu mchana. Nitalisema humu humu, lakini sharti uje nami polepole, maana nikianza na hilo hutayasoma yaliyobaki.

Unakikumbuka kikao. Majina ya waliochaguliwa yalipotoka na lako likiwemo, habari ilifika Pangani kabla sijaamini mwenyewe. Baba yako mkubwa Seif alikuja na wanawe wawili na shangazi yako, wakakaa sebuleni kwetu tangu adhuhuri. Yeye ndiye kaka wa marehemu baba yako, na tangu baba yako afariki hakuna posa wala hitima iliyopita katika nyumba hii bila neno lake. Alikuwa ameshakutafutia nafasi benki, katika ofisi ya mambo ya wafanyakazi, kiti chenye magurudumu na kiyoyozi.

"Hiyo saikolojia yako itafaa pale," alisema. "Utawasikiliza watu wenye shati na tai. Lakini mwana wa ndugu yangu havai magwanda. Watu walomfunga kaka yake, leo aende akawapigie saluti? Akenda, radhi yetu hana. Na huyo atakayemwachia aende, naye ajihesabu."

Aliposema hivyo alinitazama mimi. Wewe ulimjibu kwa upole, "Ba'mkubwa, nimekusikia," ukanigeukia. Mimi nikaangalia mkeka. Najua ilikuuma. Siku ile sikuwa upande wake, lakini hata upande wako sikuwa nimefika.

Jioni yake, tulipokuwa tunachambua choroko, nilikuuliza kama dunia nzima haina mahali pengine pa kumweka mtu aliyesomea saikolojia. Nilidhani utababaika, kumbe ulikuwa umeshayapanga kichwani. Kuna ustawi wa jamii, ulisema, kukaa na watoto wenye kesi na kumpelekea hakimu habari za nyumbani kwao. Nikasema hiyo nzuri, ya kike. Ukanikata jicho. Kuna uangalizi, kuwafuatilia waliopewa adhabu za nje, wanaofagia hospitali na masoko badala ya kulala gerezani. Kuna magereza yenyewe, kumshughulikia mtu akiwa ndani ili atoke na kitu kichwani zaidi ya chuki. Kuna hospitali wanakopelekwa wagonjwa wa akili wenye kesi, mnakaa na mtu aliyeua mkatafuta kama alijua anachofanya au hakujua. Hapo nilishika kifua. Kuna wale wa msaada wa kisheria, kuna dawati la jinsia na watoto pale pale kituoni, kuna kurudi chuo ukawafundishe wengine. Hilo la mwisho nililidaka kwa mikono miwili, maana ni ualimu, na chaki haijawahi kumtoa mtu roho.

Ukasema, "Mama, wengi wa hao wanampokea mtu neno lake likiwa limeshaandikwa. Mimi nataka niwe pale linapomtoka."

Halafu ukataja jina la Athumani. Katika nyumba hii kaka yako tunamwita kula, tunamwita kupokea simu, lakini jina lake hatulitaji pamoja na neno polisi. Niliinuka nikaenda kunawa mikono ambayo haikuwa na uchafu. Basi leo nitalitaja mimi, na nitakueleza kesi ile jinsi nilivyoiona, kwa sababu wewe ulikuwa darasa la saba, tulikupeleka kwa shangazi yako, na ulichopata ni makombo ya maneno ya watu wazima.

Athumani alikuwa anauza kwenye duka la vipuri hapa mjini. Ghala la duka lile likavunjwa, na mlinzi akapigwa kichwani akalazwa. Polisi wakawataka wafanyakazi wote. Kaka yako alikuja akaniambia, nami nikampeleka mwenyewe, nimevaa baibui langu la kutokea. Kwa nini nimfiche mtoto asiye na kosa? Njiani nikamwambia maneno niliyowaambia watoto wa watu tangu nilipoanza kazi. "Huyo atakayekuhoji ni mtu mzima. Akikusemesha, itika. Asije akasema hukufunzwa."

Wewe umezaliwa huku, huhitaji kuelezwa. Lakini naandika kwa sababu huko utakaa na watu wa kila mkoa, na siku moja utahitaji kuwaeleza kwa maneno yaliyonyooka. Kwetu mtoto akisemeshwa na mkubwa huitika kwanza. Wa kiume naam, wa kike labeka. Kuitika ni kusema nipo, nakusikia, endelea. Jibu linakuja nyuma yake, likishafikiriwa. Na Athumani, unavyomjua, jibu lake lilikuwa linachelewa tangu anajifunza kusema. Ukimuuliza kama ana njaa anasema naam, anatazama chini, anakuna goti, kisha anakwambia hapana, nimeshiba. Baba yako alikuwa anamtania kwamba atakuja kuposa mke, akubaliwe akiwa mzee. Tulikuwa tunamcheka na tunamsubiri, na hatukuwahi kufikiri kwamba kumsubiri ni kazi.

Pale kituoni walimzuia tangu asubuhi na mapema, zamu yake ikafika mchana; nilikaa kwenye benchi la korido, mlango umerudishwa nusu. Mpelelezi alikuwa mtu wa bara, wa makamo, mwenye sauti ya mtu ambaye hajalala nyumbani kwake. Hakuwa mbaya. Alimtuma askari aniletee maji ya kunywa. Maswali yake sikuyashika, alikuwa anasema chini chini na haraka, ila sauti ya mwanangu niliisikia vizuri. Naam. Naam. Naam, afande. Kila swali, naam, na kabla hajavuta pumzi ya kujibu, swali jingine limeshamfikia. Na unajua nilihisi nini kwenye benchi lile? Nilifurahi. Nilikaa na gilasi yangu ya maji nikasema moyoni, mwanangu hakuniaibisha.

Yule mpelelezi alipotoka alinijia kwa heshima zote. "Mama," akasema, "mwanao amekubali mwenyewe. Hajasumbua. Amejibu kwa adabu kabisa."

Sikuelewa. Nilidhani amekubali kusaidia.

Nilikuja kuelewa mahakamani, yaliposomwa maelezo aliyotia sahihi. Niliulizwa kama ni mimi niliyekuwa na ufunguo, nikajibu ndiyo. Niliulizwa kama niliwafungulia wenzangu, nikajibu ndiyo. Niliulizwa kama nilimwona mlinzi akipigwa, nikajibu ndiyo. Zile naam zote zimekuwa ndiyo, zimepangwa vizuri, hakuna hata moja iliyopotea njiani. Nilisimama kama shahidi wake, maana wakili hatukuwa naye, nikajaribu kueleza hili ninalokueleza wewe. Hakimu alinisikiliza kidogo, akaniuliza, "Mama, wewe ni mwalimu. Naam ni ndiyo, au si ndiyo?"

Nikamjibu, "Ni ndiyo, mheshimiwa, lakini." Nilipofika kwenye lakini alikuwa ameshainama anaandika. Na mimi, mwalimu wa Kiswahili, nikatoka pale nimemwongezea mwanangu ndiyo nyingine.

Akafungwa. Miaka aliyokaa unaijua, uliihesabu kwa sare zako za shule. Rufaa ilipokuja kusikilizwa wakamwachia, na nilidhani sasa angalau litasemwa. Halikusemwa. Jaji alisema maelezo yale yalichukuliwa nje ya muda unaoruhusiwa na sheria tangu mtu akamatwe, kwa hiyo hayafai. Saa ndiyo iliyomtoa kaka yako. Angehojiwa mapema kidogo, naam zake zingekuwa halali mpaka leo. Watu walikuja kutupongeza, tukapika pilau, na mimi nilikuwa nazunguka na sinia nikitabasamu kwa nje tu, maana kosa lenyewe halikuwa limetajwa na mtu yeyote.

Sasa nakuja kwenye hasira yangu. Miaka yote hiyo niliambiwa kosa ni langu. Waliniambia kwa kunihurumia, hiyo ndiyo mbaya zaidi. Umemlea kilaini mno, mwalimu. Mtoto wa kiume anafunzwa ukali. Ungemfunza kukana, wenzake walikana wakatoka siku ile ile. Shangazi yako aliniambia hivyo jikoni kwangu, anakula chakula changu. Nami nikakubali. Nililala na kosa hilo na kuamka nalo. Darasani nikaacha kuwafundisha watoto kuitika. Mtoto ananiita, namjibu, namwita, ananiangalia tu, nami namwacha. Nilikuwa natubu dhambi ambayo haiko kwenye kitabu chochote.

Leo nimeacha kutubu. Soma hapa vizuri, Zuhura. Sitamwomba mtu msamaha kwa kumfunza mwanangu adabu. Mtoto aliyeitika hakukosa. Mama aliyemwambia itika hakukosa. Aliyekosa ni mtu mwenye kalamu ambaye hakusubiri, na ofisi iliyompa majalada mengi kiasi kwamba kusubiri kwake ni uzembe, na sisi wote tuliosema basi mtoto abadilike. Kwa nini abadilike yeye? Watoto wa pwani hii wote waache kuitika ili mtu mmoja asichelewe kwenda chakula cha mchana? Wa kujifunza ni wao. Na wasipotaka kujifunza, basi mmoja wetu aende akakae kwenye kiti kile.

Lakini usidhani nakupeleka huko kwa kuwa wewe ni mwema. Wema hautoshi, nami ni ushahidi. Kituo changu cha kwanza cha kazi kilikuwa shule ya mashamba ya mkonge, upande wa Muheza. Wanafunzi wangu walikuwa watoto wa wakata mkonge, wengi Walutheri na Wakatoliki waliotoka mbali, nyumbani wanasema lugha zao na Kiswahili wanakikuta kwangu. Nilikuwa kijana kama wewe, nina huruma imenijaa mpaka machoni. Kila asubuhi nilikuwa nawauliza mmoja mmoja mbele ya wenzao, umekula? Ndiyo, mwalimu. Umekula? Ndiyo, mwalimu. Kulikuwa na msichana mmoja, Anjela, ndiyo yake ilikuwa kubwa kuliko za wote. Akaanguka mstarini, na alipozinduka ikajulikana hajala tangu jana yake. Nilimkasirikia, unaamini? Nikamuuliza kwa nini ulinidanganya. Hakunidanganya, alinipa nilichokuwa nakitaka, maana uso wangu ulikuwa unamwomba aseme ndiyo.

Tangu siku ile nikawa nauliza, leo mmekula nini kwenu? Hapo mtoto lazima alete kitu chake mwenyewe, au anyamaze, na ukimya wake nao ukuambie kitu. Nilipokusimulia hili ukiwa mwaka wa pili chuo ulicheka, ukasema, "Mama, hilo tumesoma juzi, swali la wazi na swali linalobeba jibu lake." Nikafurahi kwamba mnasoma vitu vya maana. Lakini jambo moja halikuwa kwenye somo lenu, au kama lilikuwepo hukuniambia. Nililijua hilo la Anjela, na bado miaka mingi baadaye nilikaa kwenye benchi nikasikia mwanangu akiitika na sikutambua. Kulijua jambo darasani ni kitu kimoja. Kulitambua likiwa limevaa nguo nyingine, mchana wa joto, na mtu unayempenda yumo ndani, ni kitu kingine kabisa.

Kwa hiyo ninachokiogopa si bunduki. Bunduki wataifungia ghalani. Naogopa utachoka. Yule mpelelezi hakuanza vile, hakuna anayeanza vile. Naye labda alitoka kwao na begi lenye zipu mbovu na mama anayemwandikia. Utapewa majalada, utapewa mkubwa anayetaka kesi ifike mahakamani Jumatatu, utapewa mtu mbele yako ambaye kweli ameua na anakutazama kwa macho ya malaika. Wapo, mwanangu, usiende ukidhani wote waliomo ndani ni Athumani. Yule mlinzi aliyepigwa naye alikuwa na mama yake, na waliompiga hawajajulikana mpaka leo, kwa sababu polisi walikuwa wameshampata wa kumfunga wakaacha kutafuta. Hilo nalo liweke moyoni. Mwanangu alifungwa na wezi wakalala salama, na mlinzi yule anatembea na kovu bila kujua nani alimtia. Ukifanya kazi yako sawasawa huwatendei hisani wahalifu, unamtendea haki na huyo mlinzi.

Wala hakuna aliyekuahidi kwamba utafika kwenye chumba hicho. Utaanza kwa kukimbia na kupanga mstari kama kuruta yeyote, shahada yako itakaa ndani ya begi. Baadaye huenda wakakupeleka kuongoza magari barabarani. Ukipelekwa huko, ongoza magari, na uombe upelelezi tena. Wakikunyima, omba tena. Ukichukiza, chukiza kwa barua zilizoandikwa vizuri, na hizo nimekufundisha.

Utaniuliza ni lini nilihamia upande wako. Ni Ijumaa iliyopita. Nilikwenda pale kijiweni kwa Athumani anapotengeneza pikipiki, nikamkuta amelala chini ya moja, miguu tu iko nje. Kama kawaida nilimwita na hakuitika. Watu wa Pangani wanasema amekuwa jeuri, hata akiitwa na wazee anageuka tu na kutazama. Mimi najua si jeuri. Neno lile limemfunga miaka, na yeye ameliacha huko huko gerezani. Nilikaa kwenye tairi lake, nikajitahidi uso wangu usiombe kitu chochote, nikamuuliza, "Unaonaje, Athumani, habari hii ya mdogo wako?"

Nikasubiri. Alitoka chini ya pikipiki. Akakaza mnyororo, akauzungusha, akaulegeza, akaukaza tena. Mteja wake alianza kulalamika na nikamwonyesha kwa kidole anyamaze. Kisha mwanangu akafuta mikono na kitambaa, akasema bila kunitazama, "Aende. Mle ndani pana haja ya mtu mmoja asiye na haraka."

Hakuongeza neno na mimi sikumwongezea swali. Nilirudi nyumbani kwa miguu, nikapita barabara kuu na jua lile, na nilipofungua mlango wetu nilikuwa nimeshakata kauli.

Sasa nalisema lile nililokuficha. Asubuhi nilikwambia nakwenda Kigombe kwenye msiba. Hakuna msiba. Kigombe nilipita nikiwa ndani ya gari, nikaendelea hadi Pangani, kwa baba yako mkubwa. Nilitaka asikie kwangu, mbele yake, asije akasema tulimtoroka kama watu wanaoiba. Lakini kabla ya kubisha hodi nilizunguka nyuma ya nyumba, pale kwenye minazi, kwa baba yako. Nilikaa kaburini kwake kitambo. Niling'oa magugu, nikamsomea, nikamweleza habari zako zote na za kaka yako. Nilichukua muda wangu, kwa sababu nilijua ninachokwenda kukisema ndani na nilijua watakachonijibu.

Wakanikaribisha vizuri. Mkewe akaleta kahawa na haluwa. Nikamwamkia, "Shikamoo, shemeji." Akasema, "Marahaba. Naona umetuletea jibu."

"Nimeleta," nikamwambia. "Zuhura anaondoka kesho. Nimemruhusu."

Akaanza kwa upole, unavyomjua, upole wake ndio mzito. Alisema yeye hana ugomvi na mimi, lakini mtoto akivaa magwanda yale asiikanyage nyumba yake, na mama aliyemwachia asiikanyage. "Radhi ya baba yake iko kwangu mimi," akasema. "Na mimi n'shasema sitoi. Sijui unawalea nini hawa watoto. Yule mwingine hata kuitwa haitiki."

Hapo ndipo niliposahau kwamba nimekuja kwa adabu. Nikamwambia, "Alikuwa anaitika, shemeji. Aliitika mpaka akafungwa. Kesi nzima hukuja mahakamani hata siku moja ukamsikia." Nikamwambia radhi ya baba yako haimo mfukoni mwa mtu. Marehemu alikupa mwenyewe, ukiwa mtoto, kila alipokubeba kukupeleka shule akakuombea barabarani watu wakisikia, na iliyotolewa hivyo hairudishwi na ndugu. Wanawe walikuwa wamesimama mlangoni. Mkewe alikuwa ameshika buli, hakumimina wala hakuliweka chini. Nikavaa viatu vyangu nikaaga.

Kwa hiyo ujue, na ulijue kutoka kwangu, si kwa shangazi yako kwenye simu. Idi hii hatutakwenda Pangani, wewe, mimi wala Athumani. Kaburi la baba yako liko ndani ya ua wao na mimi sina njia nyingine ya kulifikia. Hilo linaniuma, sitakudanganya. Nilikuwa nalizuru kila mwaka kabla ya Ramadhani, nikilipalilia kwa mikono yangu, na leo asubuhi nimelipalilia kwa mara ya mwisho. Sikwambii ili urudi. Ukirudi kwa ajili yangu, nitakuwa nimelipoteza kaburi bure na wewe umeipoteza kazi, na hapo nitakukasirikia kweli.

Kesho pale stendi tutakuwa watatu tu, mimi na Athumani na Mama Neema, maana huyu naye amekataa katakata kubaki nyumbani. Utatazama huku na huku kuwatafuta wa Pangani. Usiwatafute. Panda basi, kaa dirishani, nenda.

Radhi yangu ninayo mwenyewe na ninakupa yote, sibakizi hata ya akiba. Nimekubali. Hilo ni jibu langu, nimelifikiri, na nimechelewa kulitoa kwa sababu nilitaka liwe langu.

Siku moja mtu wa kwetu atakuja Moshi, ataketi nawe, na atakwambia kwa huruma kwamba mama yako alifukuzwa Pangani kwa ajili yako. Msikilize mpaka amalize. Kisha msahihishe, umwambie nilitoka mwenyewe, na wao ndio waliobaki wamesimama mlangoni.

Ni mimi mama yako,
Mwalimu Mwanahawa
Nguvumali, Tanga